Mama Glasi Nzima Anaondoka Dirishani

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minne katika idara ya dawa ya hospitali yetu, mwenzetu ambaye wote tunamwita Mama Glasi Nzima atarudisha funguo, atavua koti jeupe na kustaafu kwa mujibu wa umri. Kamati ya sherehe imenipa kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu mimi ndiye niliyekaa naye dirisha moja kwa muda mrefu zaidi. Niliagizwa uwe mfupi na wa kuchangamsha. Kuchangamsha kutakuwapo, maana mwenyewe kwa mzaha hana dogo. Lakini alipojua naandika, aliniita pembeni akasema, "Ukiandika mazuri peke yake, usisome nikiwa nimekaa pale mbele." Kwa hiyo nimeandika na yale mengine. Ameyasoma, amesahihisha hapa na pale, ameniruhusu.

Tuanze na jina. Jina hilo alipewa na wagonjwa, sisi tukalidaka. Hakuna aliyepokea kidonge kutoka mkononi mwake bila kuambiwa akae wima, anywe glasi nzima ya maji, asilale papo hapo. Wapo waliodhani ni mbwembwe za watu wa dirishani. Yeye aliwahi kumhudumia bibi mmoja aliyemeza kidonge kikavu akiwa kitandani, kwa mate tu. Kikamganda kooni, kikamchoma, akawa hali wala hanywi mpaka akalazwa. Tangu hapo maji yakawa wimbo wake. Alieleza kwamba maji hayamsaidii mtu kumeza tu. Ndiyo yanayokifikisha kidonge tumboni, ndiyo yanayokilainisha, ndiyo yanayokisukuma kiende kwenye utumbo ambako dawa hufyonzwa na kuingia kwenye damu.

Baada ya maji lilikuja swali: "Umeinywea na nini?" Mlinzi mmoja wa soko alikuwa na kidonda cha mguu kisichokauka, na daktari alishakata shauri kumwandikia dawa kali zaidi. Mama Glasi Nzima akamuuliza swali lake. Mzee akajibu kwa fahari kwamba yeye dawa anaiheshimu, haishushii kwa maji matupu kama mtu asiye na nyumba; huishushia kwa bakuli la maziwa ili impe nguvu. Ikabidi aelezwe kwamba maziwa na dawa ile vikikutana tumboni hushikana visiachane, na dawa hutoka nje bila kumfaa mtu. Mzee akasema, "Kwa hiyo miezi yote hii nimekuwa namtibu ng'ombe." Foleni nzima ilicheka, na Mama Glasi Nzima akacheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Mlinzi aliacha maziwa saa za dawa, kidonda kikafunga.

Kulikuwa na mama mjamzito aliyekuwa akimeza vidonge vya kuongeza damu na kikombe cha chai, damu isiongezeke. Kulikuwa na dereva aliyetafuna vidonge vilivyopakwa gamba maalumu, akivisifu kwamba vina utamu wa juu, hajui kwamba gamba lile ndilo linaloikinga dawa isiunguzwe na asidi ya tumbo. Kuna dawa alizosisitiza zinywewe kabla ya kula, na kuna zile alizomwambia mtu asizithubutu mpaka ale, tena ale chenye mafuta, la sivyo nyingi itapita bure. Siku moja alipanda wodi ya wanaume akakuta vidonge vya presha vinasagwa kwa kitako cha chupa ili mgonjwa aliyepooza aweze kumeza. Wauguzi walikuwa na nia njema kabisa. Aliwaambia, "Hiki kimetengenezwa kitoe dawa kidogo kidogo mpaka kesho. Mkikisaga, mnampa ya kutwa nzima kwa mkupuo." Presha ya yule mgonjwa ilikuwa tayari imeporomoka. Alinusurika. Alama nyekundu mnayoiona leo kwenye pakiti zisizopaswa kusagwa ilianza siku hiyo, na mwanzoni aliipaka yeye mwenyewe kwa rangi ya kucha.

Wanaomjua kwa mambo hayo wanadhani alizaliwa nayo. Hapana. Alipoajiriwa, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa binti mwenye haraka na mwenye uhakika. Haukupita muda mrefu akafanywa msimamizi wa stoo ya dawa, mdogo kiumri kuliko wote waliowahi kushika nafasi hiyo. Stoo ya zamani ilikuwa inavuja. Yeye ndiye aliyependekeza ihamie kwenye chumba kikubwa kilichopakana na chumba cha kufulia mashuka. Kilikuwa na sakafu ya saruji na mlango wa chuma, hakina panya. Kila mtu alimsifu. Ukuta wa upande mmoja ulikuwa na uvuguvugu ukiuwekea kiganja, na juu, karibu na dari, palikuwa na matundu ya hewa yaliyopokea mvuke wa nguo. Hakuna aliyeinua macho kuyatazama.

Nyumbani aliishi na mama yake na mdogo wake wa kiume, fundi cherehani. Huyu kijana alikuwa na kifafa tangu utotoni, lakini dawa ilikuwa imekituliza kwa miaka hata majirani walikuwa wamesahau. Alishonea barazani, alikuwa na mkono mwepesi, na wanawake wa mtaa ule walimgombania kila palipokuwa na harusi. Dawa yake aliletewa na dada yake kutoka hospitali, imefungwa kwenye bahasha ya karatasi, imehesabiwa kutoka kwenye makopo makubwa yaliyokuwa yakifunguliwa na kufungwa kutwa.

Mvua za kwanza baada ya stoo kuhama, kifafa kilirudi. Mara ya kwanza alianguka akiwa anakula. Mara ya pili alianguka mbele ya wateja. Dada yake alimuuliza kama anameza.

"Nameza, dada."

"Basi mbona unaanguka?"

"Sijui. Mwenye dawa ni wewe."

Jibu hilo lilimuudhi. Alikwenda stoo akasoma kopo: tarehe ya kuharibika ilikuwa mbali, cheti cha ubora kilikuwa safi. Akarudi nyumbani na kusema, mbele ya mama yao, maneno ambayo ameniruhusu kuyaandika kama yalivyotoka: "Dawa haisemi uongo. Anayesema uongo ni mtu."

Mama yao akaanza kumsimamia. Asubuhi na jioni alimwona akimeza, kisha akamfungua mdomo kuangalia chini ya ulimi, mwanamume na ndevu zake. Hata hivyo aliendelea kuanguka. Wakasema anakwenda kuvitapika. Daktari aliongeza dozi mara mbili, hali ikabaki ile ile, na hilo likawa ushahidi mwingine dhidi yake. Siku moja alikuwa anapiga pasi gauni la mteja, kifafa kikamkamata, akaanguka na mkono wa kulia ukabaki chini ya pasi. Alipozinduka vidole vilikuwa vimeungua mpaka kwenye mishipa. Vilipona vimekunjamana, havishiki sindano.

Mama yao, kwa uchungu wake, alimwambia kitandani kwamba angemeza dawa mkono wake angekuwa nao. Fundi aliporuhusiwa kutoka hospitali hakurudi nyumbani. Alikwenda mji mwingine, akawaachia cherehani barazani, imefunikwa kwa kitambaa. Kabla ya mvua nyingine mama yao alifariki kwa ugonjwa wa moyo. Fundi alikuja mazikoni, akakaa nyuma ya watu wote, akaondoka bila kuaga.

Mvua zilirudi, na kliniki ya kifafa, iliyokuwa ikipokea walioanguka mmoja mmoja, ikaanza kujaa. Watu waliotulia miaka mingi walikuja na vichwa vimepasuka, ndimi zimeng'atwa. Kila mmoja aliulizwa kama anameza, kila mmoja akasema ndiyo, na kwenye kadi zao kukaandikwa kwamba hawamezi ipasavyo. Dozi zikaongezwa. Mmoja wao, mwashi, alikalishwa dirishani na mkewe pembeni, na msimamizi wa stoo mwenyewe akatoka kuja kumsema. Yule bwana alijitetea kidogo, halafu akanyamaza kama watu wengi wanavyonyamaza wakikutana na koti jeupe. Haukuisha mwezi akaanguka kutoka juu ya jukwaa la ujenzi, akafa pale pale.

Aliyefumbua fumbo hili alikuwa mama mmoja muuza mboga, mwenye binti wa shule. Alikuja dirishani na kitambaa kilichofungwa fundo, akaomba kuonana na mkubwa wa dawa.

"Fungua mwenyewe," akasema.

Ndani palikuwa na kidonge kizima, kimepauka kidogo.

"Nimekiosha," yule mama akaendelea, bila haya na bila kupaza sauti. "Kimetoka na choo cha mwanangu. Nyie mnasema hamezi. Sasa hiki kilipitia wapi?"

Mama Glasi Nzima anasema alitaka kucheka, kisha akakitazama tena kile kidonge. Alimkaribisha mgeni kiti. Alichemsha maji, akayaacha yawe na joto la mwili, akayatia kwenye glasi mbili. Katika glasi moja aliweka kidonge kutoka kwenye kopo letu. Nyingine aliiwekea kidonge cha dawa ile ile, cha kiwanda kile kile, alichomtuma mtu akiombe hospitali ya jirani. Cha jirani kilianza kumumunyuka wakiwa bado wanakitazama, kikageuka unga mweupe chini ya glasi. Chetu kilikaa. Walikikoroga, kikagonga kioo kama kokoto. Muuza mboga akaenda zake sokoni, akarudi jioni, akakikuta vile vile.

Makopo yalipelekwa maabara, na majibu yalikuwa ya kutatanisha kwa asiyejua: dawa imo yote, haijapungua. Ni kweli, ilikuwamo. Ila mvuke wa chumba cha kufulia ulikuwa umeingia kwenye vidonge kila kopo lilipofunguliwa, vikavuta unyevu, vikakauka, vikavuta tena, mpaka vikakaza. Kidonge cha namna hiyo hupita tumboni na kwenye utumbo bila kufumuka, na dawa isiyoyeyuka haiwezi kufyonzwa. Mgonjwa amemeza kwa uaminifu, na damu yake haijapata kitu.

Hapo ndipo wasifu huu unapokuwa mzito kuliko kamati ilivyotaka. Alikwenda kwa mkuu wa hospitali wa wakati ule, akamweleza yote, na kwamba stoo aliichagua yeye. Mkuu alisikiliza, akasema, "Tutaleta makopo mapya, tutahamisha stoo, yaishe. Mambo yasifike mbali."

"Hayawezi kuisha hivyo," akamjibu. "Hawa watu tumewaongezea dozi mara mbili. Vidonge vizuri vikifika, vyote vitayeyuka. Watapepesuka barabarani, wataona vitu viwili viwili. Mwingine atalala asiamke."

"Punguza dozi kwenye kadi."

"Watauliza kwa nini."

"Waambie daktari ameamua."

"Mtu ambaye ameanguka msimu mzima, ukimpunguzia dawa bila sababu, ataogopa. Atajiongezea mwenyewe. Na nyumbani wanavyo vya zamani, watachanganya. Lazima wajue."

"Ukienda kusema," mkuu akasema, "utasema kwa jina lako, si kwa jina la hospitali."

"Stoo ilikuwa yangu," akasema, akatoka.

Siku ya kliniki aliwataka wagonjwa wote wa kifafa wabaki kwenye ukumbi wa kusubiria, na akamtumia ujumbe mjane wa mwashi naye afike. Waliokuwapo wanasema alisimama karibu na mizani ya kupimia uzito. Hakuzunguka. Aliwaambia kwamba vidonge viliharibikia mikononi mwetu, kwamba walikuwa wakimeza na hawakuaminiwa, kwamba kuanzia siku hiyo kila mmoja atarudisha vya zamani hadi cha mwisho na kuanza vipya kwa dozi ya mwanzo. Akaeleza dalili za dawa kuzidi, akarudia mara kadhaa. Kisha akasema, "Mlisema kweli. Mimi ndiye niliyewaita waongo."

Mtu mmoja akaanza kulia, mwanamume mzima, na hakuna aliyemnyamazisha. Mjane wa mwashi akainuka.

"Kwa hiyo mume wangu hakuwa anatupa dawa?"

"Hakuwa anatupa."

"Ulimwambia anatupa. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale."

"Nilimwambia."

"Basi utakuja kwa ndugu zake, uwaambie wewe. Mimi nikisema hawanisikii. Wanasema sikumwangalia mtoto wao."

Alikwenda. Alikaa sebuleni kwa watu wasiomtaka, akaeleza mwanzo hadi mwisho. Kaka mkubwa wa marehemu alisikiliza mpaka neno la mwisho, akainuka, akaenda chumbani, hakutoka tena. Mama mkwe alibaki akimtazama mkwewe, kisha akamsogelea akamshika mkono. Mama Glasi Nzima aliondoka bila kusindikizwa, na anasema hakutarajia kusindikizwa.

Katika wagonjwa wale hakuna aliyedhurika kwa kubadilishiwa vidonge. Hilo lisemwe kwa sauti, kwa sababu ndilo jambo kubwa kuliko yote aliyowahi kuifanyia hospitali hii, na halikuwahi kuandikwa mahali popote. Binti wa muuza mboga alirudi shule, ingawa darasa la nyuma ya wenzake. Mama Glasi Nzima yeye alipewa barua ya uhamisho wa ndani, kwa maslahi ya kazi: kutoka usimamizi wa stoo kwenda dirishani. Cheo hakikurudi. Wakuu walibadilika, wafamasia aliowafundisha wakawa mabosi wake, yeye akabaki kwenye kiti kile kile chenye mto wa sufi. Hatukuwahi kumsikia akilalamika. Tulipomchokoza, alisema dirishani kuna hewa.

Mara tu mambo ya kliniki yalipotulia, alipanda basi kwenda kumtafuta mdogo wake. Alimkuta sokoni, kwenye kibanda cha nyuzi, vifungo na zipu. Kijana alikuwa ameinama anakunja uzi kwa mkono wa kushoto, akaona kivuli cha mteja.

"Karibu, mama. Unataka rangi gani?"

Kisha akainua kichwa.

Alimweleza akiwa amesimama, kwa kuwa hakukaribishwa kukaa. Alimweleza stoo, mvuke, kidonge cha muuza mboga, glasi mbili. Mdogo wake aliendelea kukunja uzi.

"Nilikuambia," akasema.

"Uliniambia."

"Mama alikufa akijua mimi ni mwongo."

Pale kibandani alikuja mwanamke kuulizia vifungo, mdogo wake akageuka kumhudumia, wakapatana bei, wakacheka kidogo juu ya jambo la mtoto wa yule mwanamke. Dada mtu akaweka juu ya meza bahasha ya vidonge vipya, imeandikwa dozi ya mwanzo, akarudi stendi.

Tangu hapo kila mwezi alimtumia dawa kwa mkono wa kondakta wa basi, vidonge alivyovijaribu mwenyewe kwanza. Na kila mwezi jibu lilikuja kwa njia ile ile, baadaye kwa simu: "Imefika." Neno hilo moja. Tulizoea kumwona akilisoma, akaweka simu kifudifudi, akaita mgonjwa anayefuata.

Kazi aliyoifanya baada ya hapo mnaijua, nitaipitia kwa haraka. Aliisumbua hospitali mpaka stoo ikahamishiwa jengo la juu, kukatundikwa kipimo cha unyevu ukutani. Alipigania makopo makubwa yaachwe, dawa za kifafa zije kwenye pakiti ndogo zilizofungwa kila kidonge peke yake. Pamoja na fundi wa hospitali aligeuza chombo cha zamani cha kuchemshia vifaa vya upasuaji kuwa bafu la maji ya vuguvugu lenye nafasi ya glasi sita, na kila shehena mpya ilipita humo kabla ya kufika dirishani. Haikuwa mashine ya kitabuni, na alijua hilo. Kilichoshindwa humo alikituma maabara kuu, na zaidi ya mara moja maabara ilirudisha jibu kwamba yuko sahihi. Aliweka pia kanuni ambayo wapya wote walifundishwa kabla hata ya kuonyeshwa choo kiko wapi: mgonjwa akisema amemeza, anza kukichunguza kidonge, umchunguze yeye mwisho.

Alikuwa na makosa yake. Alichelewesha foleni. Aligombana na wauguzi, na madaktari, na mara moja na mgeni rasmi aliyekuja kuzindua jengo akameza kidonge cha kichwa kwa soda. Redio yake ndogo ilitutia wazimu. Chai yake haikuwa na sukari kamwe, na aliwatazama kwa huruma waliotia.

Mwaka huu afya yake imelegea, magoti hasa. Bafu la glasi liliungua kifaa cha kuchemshia mwanzoni mwa mwaka, na hakijapatikana kingine. Nafasi yake, tumeambiwa, haitajazwa kwa sasa. Nimemwahidi kwamba nitaendelea na kazi ile kwa birika na kipima joto kila shehena inapoingia, na nimesema hivyo hapa ili niwe na mashahidi, maana mimi peke yangu dirishani na foleni ile ile sijui nitafika wapi. Aliponisikia hakunipa moyo. Alisema, "Jaribu," akaendelea kufunga vitu vyake.

Wengi mmeniuliza anakwenda kuishi wapi. Nyumba ya mama yao ilishauzwa, na hakuolewa. Mwezi uliopita alimpigia simu mdogo wake kumwarifu kwamba anastaafu, na kwamba dawa itabidi apangiwe utaratibu mwingine. Nilikuwa nimekaa kando yake, nikihesabu vidonge, nikasikia sauti ya mwanamume ikisema kwamba kuna chumba kinapangishwa, mlango wa tatu kutoka kwake, kina dirisha.

"Nikichukue?" Mama Glasi Nzima akauliza.

"Njoo. Ila habari ya mama tusiizungumze."

"Tusiizungumze," akasema.

Alikata simu. Nilidhani atalia, na nilijiandaa kutafuta la kusema. Hakulia. Aliniuliza kama nimehesabu vile vidonge au nilikuwa nasikiliza mambo ya watu, na ilikuwa kweli, hesabu ilikuwa imenipotea.

Atasafiri baada ya sherehe. Nimejaribu kuupatia wasifu huu mwisho wenye furaha zaidi, na yeye alipousoma aliyafuta maneno yote niliyoongeza. Amesema hicho ndicho kilichopo na kinamtosha kuanzia.

Dada yetu, kwa niaba ya wenzako wa dawa, wauguzi uliogombana nao, na wagonjwa ambao leo wanatembea barabarani bila kujua jina lako halisi, tunakushukuru. Ulibeba lawama ambayo ungeweza kuiacha sakafuni ikanyagwe na wote. Nenda salama. Tunakutakia magoti yenye nafuu, chumba chenye mwanga, na ndugu yako akuzoee upya, taratibu, kwa kadiri atakavyoweza.